Koo Jekundu, Kidevu Cheusi

Mama alipohamia kwangu Brussels, alikuja na khanga zake, mto wake wa pamba, na tabia aliyotoka nayo katika shule ya msingi aliyofundisha huko Lushoto: kila kitu kwake kilikuwa mtihani. Ugonjwa ulipomlaza, akatafuta mtihani mwingine. Aliupata kwenye kompyuta yangu.

Ilikuwa kamera iliyofungwa katika bustani ya watu fulani kusini mwa Marekani, ikionyesha moja kwa moja chupa ya maji ya sukari waliyowatundikia ndege wavumaji, wale wadogo ambao mabawa yao huvuma kama nyuki. Asubuhi yao ni alasiri yetu. Nje ya dirisha letu, mtaani Molenbeek, mvua ilinyeshea mfereji. Ndani, juu ya blanketi la mama, liliwaka jua la watu wengine.

"Hawa si kama ndege chozi wetu wa nyumbani," aliniambia siku ya kwanza. "Chozi ana adabu, anatua kwenye ua ndipo anakula. Hawa wanakula hewani, kama wale watu wa ofisini pale stesheni ya Gare du Nord, mkate mdomoni, miguu inakimbilia treni."

Walikuja wa aina mbili. Mmoja ana koo jekundu. Mwingine ana kidevu cheusi, na chini yake utepe mwembamba wa zambarau. Ungedhani ni rahisi. Lakini rangi zile huwaka jua likimpiga ndege kwa mbele tu. Akigeuka kidogo, koo jekundu nalo huwa jeusi kama mkaa. Mama ndiye aliyegundua pa kutazama. Wakiwa wamesimama hewani mbele ya chupa, mwenye kidevu cheusi hupigapiga mkia bila kupumzika. Mwenye koo jekundu huutuliza.

"Mwekundu," nilisema.

"Mweusi. Umetazama koo tena. Mtunzi mzima wa riwaya, unadanganywa na rangi?"

"Amegeuka haraka, mama."

"Mkia, bibie. Mkia."

Dawa zilipoanza kumfifisha macho, naye akaanza kukosea. Akaniwekea sharti. "Nikikosa, sema nimekosa. Usinipe alama za huruma."

Mwezi wa tisa daktari alizungumza nasi, taratibu, akimtazama mama. Kifaransa cha mama kilikuwa cha dukani: mkate, asante, kwaheri. Daktari alisema dawa zimeshindwa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Mama akanigeukia, akisubiri nimtafsirie.

"Anasema watabadilisha dawa," nikasema. Haukuwa uongo mtupu.

Nyumbani alikunywa uji kidogo, akaniomba nifungue kompyuta.

Ndege akaja, akasimama kivulini, koo lake giza tupu. Mkia ulikuwa unapigapiga, unapigapiga. Mtu angeuona akiwa mlangoni.

"Mwekundu," mama alisema.

Nilitazama mkono wake juu ya blanketi, jinsi pete ilivyokuwa imelegea kidoleni.

"Ndiyo, mama. Mwekundu. Umepata."

Ndege alikunywa, akarudi kinyumenyume hewani, akatoweka.

"Mkia ule nimeuona," mama akasema. "Nilitaka kusikia kama utasema nimekosa." Akajiinua kidogo kwenye mto. "Sasa rudia alichosema daktari. Chote."

Nikarudia. Nililia katikati ya sentensi, naye hakunimalizia. Alinisubiri kama nilivyowahi kumwona akiwasubiri watoto wa darasa la kwanza waliokwama kwenye mstari, mpaka nikafika mwisho.

"Haya," akasema. Akanipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Anakuja mwingine. Tazama vizuri."

Nilitazama. Machozi yalikuwa yamechanganya kila rangi, lakini mkia niliuona. Ulikuwa umetulia.

"Mwekundu," nikasema.

"Sahihi," akasema mama.