Kiti Nilichomwinulia Shangazi

"Nyumbani kuna mtu mwingine anayeumwa hivi?"

Daktari aliniuliza hivyo huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta, na mimi sikujua nijibu nini. Nyumbani wapi? Nilikuwa nakaa peke yangu kwenye chumba kimoja mtaa wa Miyuji, Dodoma, na nilichokuwa nacho uani ni gari bovu. Aliniangalia. Kisha akaendelea na maswali mengine.

Naandika haya kwa ajili ya watu wanaoumwa kama nilivyoumwa mimi, wanaoambiwa leo hivi na kesho vile, mpaka wanaanza kuhisi kwamba wanajisingizia. Sitaahidi muujiza. Mimi ni mtu wa kuulizauliza. Chuoni wenzangu waliniita Kwanini, na mchungaji wetu alishawahi kuniomba nishushe mkono ili mafundisho yaendelee. Nitasema yaliyonipata, basi.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu zangu. Baada ya kumaliza shahada nilitafuta ajira nikakosa, nikapata kazi ya kunukuu mahojiano ya watafiti. Wanarekodi watu wakizungumza, mimi navaa visikilizio na kuandika walichosema. Kutwa nzima nilisikia watu nisiowajua wakieleza habari za visima na mahindi, na jioni nilikuta sijafungua mdomo wangu kuzungumza na mtu hata mmoja. Wakati ule niliuita huo uhuru.

Aliyenilea ni Shangazi Meri, dada yake baba, anayeishi kijijini upande wa Buigiri na mwanawe Daudi. Wana ng'ombe wachache na mbuzi. Kwa miaka mingi Shangazi alisumbuliwa na nyonga ya kulia, akitembea kama aliyebeba ndoo mkono mmoja. Kanisani na kliniki alipelekwa kwa pikipiki. Akishuka, machozi yalikuwa yanamtoka, kisha anacheka: "Nimezaa mara moja tu, lakini hii pikipiki inanizalisha kila Jumapili."

Kwa hiyo nikamtafutia gari. Nilipata dogo, jeupe, la mtu aliyekuwa anahama mji, lililotembea zaidi ya kilomita laki nne. Fundi Side, mwenye gereji jirani, alilizunguka akiwa ameshika kiuno.

"Dada, hili lingekuwa binadamu lingekuwa limeshastaafu na mafao limeshamaliza."

"Linatengenezeka?"

"Hata maiti huoshwa, dada."

Tukakubaliana kwamba yeye ashughulike na injini, mimi nifanye mengine kwa kufuata video za kwenye simu. Nilipiga msasa kutu, nikabadilisha plagi na raba za milango. Kazi niliyoifanya kwa moyo wote ni kiti cha abiria wa mbele. Shangazi hakuweza kukunja nyonga, na kiti cha kawaida kingemvuta chini kama shimo. Nikampelekea mtu wa kuchomelea vipande vya chuma, tukakiinua kiti shibiri moja na kukiinamisha mbele kidogo, ili anayekaa awe kama amesimama nusu.

Sasa niseme habari ya maziwa. Shangazi hana mazoea ya kushukuru kwa maneno. Ukimfanyia kazi, anakuletea maziwa. Tangu nilipoanza kutengeneza lile gari, kila Jumamosi alimpa kondakta wa basi dumu, nami nikalipokea stendi. Jioni alipiga simu.

"Umeyanywa?"

"Nimekunywa, Shangazi."

"Hukuyachemsha?"

"Sijayachemsha."

"Ndiyo, mwanangu. Maziwa ya kuchemsha ni ya wodini. Ukichemsha ya kwangu, unaniambia mimi ni mchafu."

Niliyanywa nimesimama kando ya gari, mikono ina oili, mdomo kwenye dumu. Katika wiki nzima hicho ndicho kitu pekee kilichofika kwenye kile chumba kutoka kwa mtu anayelijua jina langu. Sikukiuliza swali lolote.

Ugonjwa ulianza wakati wa upepo, ule wa kiangazi unaojaza vumbi mpaka kwenye sahani. Jioni moja nilitetemeka nikadhani ni baridi. Kesho yake jioni tena. Homa ilikuja jua linapozama, ikanichoma, kisha likaja jasho la kulowesha godoro, jasho lenye harufu ya nyasi zilizonyeshewa zikaanza kuoza. Asubuhi nilikuwa mzima. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwa sababu asubuhi nilijiona mwongo.

Nilimweleza Fundi Side. "Hiyo ni petroli," alisema bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye injini. "Imekuingia kwenye damu. Mimi nilipoanza ufundi niliugua hivyo hivyo. Kunywa maziwa kwa wingi, yanaosha sumu."

Kila mtu hapa mjini anajua kwamba maziwa yanaosha sumu. Wachomeleaji wanayanywa, wapaka rangi wanayanywa. Nikamwomba Shangazi dumu kubwa zaidi. Alifurahi sana.

Nilikwenda zahanati. Malaria hakuna. Taifodi ipo, lakini Dodoma ukiingia maabara na homa ni nadra kutoka bila taifodi. Nikachomwa sindano, homa ikatulia, ikarudi. Zahanati ya pili wakasema ni U.T.I. sugu. Ya tatu, tabibu aliangalia vipimo vyangu, akavua miwani.

"Una mchumba?"

"Hapana."

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Basi haya ni mawazo, dada."

Nilibishana naye mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakanyamaza kusikiliza. Lakini nilipofika chumbani nilianza kujiuliza kama hajasema kweli. Hamu ya kula ilikwisha. Suruali ya kazi niliifunga kwa kipande cha waya kilichobaki kwenye taa za gari. Magoti yaliuma, mgongo kwa chini ukauma, kisha maumivu yakakaa kwenye nyonga ya kulia kama msumari. Choo chetu kiko mwisho wa ua. Nilikwenda nimeshika ukuta, na kuna asubuhi sikuuwahi mlango, nikajikojolea nimesimama pale pale, nikisikia redio ya jirani ikitangaza hali ya hewa. Nilifua mwenyewe kanga niliyokuwa nimejifunga, nimeketi chini. Shangazi alipopiga simu nilisema nina mafua kidogo.

Kazi iliendelea. Sauti za watu masikioni, mimi nikiandika nimelala ubavu. Kitanda kiliuma. Stuli iliuma. Siku moja, nikitoka chooni, nguvu ziliniishia katikati ya ua, na mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa gari. Nikaufungua, nikajikokota mpaka kwenye kile kiti nilichokiinua. Maumivu yakashuka. Hayakwisha, ila yalishuka vya kutosha kunifanya nilie. Kiti kilinikaa kama nilipimwa mimi.

Tangu hapo nilihamia ndani ya gari. Niliandika humo, nilikula humo hicho kidogo nilichokula. Mama Zawadi, mwenye nyumba wangu, alipita na ndoo.

"We Nyemo, unalinda gari lisilo na betri? Mwizi akija atalisukuma na wewe ndani."

Nilicheka naye. Alipoondoka, ua ulirudi kimya, upepo ukasukuma mfuko wa plastiki kutoka pembe moja hadi nyingine. Niliutazama kwa muda mrefu. Nilifikiri kwamba nikifa humu, watakaoshtuka mapema ni watafiti, kwa kuwa kazi itachelewa.

Fundi Side ndiye aliyenikuta asubuhi moja nimeshindwa kushuka. Alijaribu mzaha, ukamkatikia njiani. Aliita bajaji, akanibeba mwenyewe, akanipeleka hospitali kubwa, akakaa na mimi kwenye foleni na ovaroli lake lenye grisi.

Daktari alikuwa dada wa umri wangu. Maswali yake hayakufanana na ya wengine. Natoka wapi? Kwetu tunafuga nini? Nakunywa maziwa? Yamechemshwa? Nilijibu "hapana" kwa majivuno kidogo, kama ningeulizwa kuhusu asali halisi. Ndipo akauliza lile swali la nyumbani.

Majibu ya damu yalipotoka alinionyesha. "Ni brusela. Ugonjwa wa mifugo. Unapita kwenye maziwa mabichi. Kwako umeshakaa kwenye nyonga."

"Una uhakika?"

Nilitegemea akasirike. Alisema, "Uhakika wote sina. Kipimo kinaweza kudanganya. Lakini hadithi yako na damu yako zinasema kitu kimoja. Meza dawa, homa ikikata tutajua wote wawili."

Wote waliotangulia walikuwa na uhakika. Huyu hakuwa nao, na ndiye niliyemwamini.

Nilichomwa sindano, kisha nikameza vidonge kwa miezi. Mkojo uligeuka rangi ya juisi ya machungwa. Kichefuchefu kilinikaa kooni, na jua likaanza kunibabua mikono. Mama Zawadi aliziona zile kapsuli nyekundu dirishani. "Hizo ndizo alizomeza kaka yangu alipougua kifua kikuu," alisema taratibu. Nilimweleza kwamba wangu ni ugonjwa mwingine, dawa ndiyo ile ile. Alitikisa kichwa kukubali. Kesho yake watoto wake hawakucheza tena upande wa mlango wangu.

Kisha nikamweleza Shangazi. Nilijaribu kuchagua maneno.

"Kwa hiyo nimekulisha sumu," alisema.

"Sijasema hivyo, Shangazi. Nasema yachemshwe tu, na wewe ukapime."

"Mimi nipime nini? Yangu ni uzee. Wewe umesoma, mwanangu. Umeshasema."

Akakata. Nilipiga tena, hakupokea. Daudi alipokea mara moja, akasema mama yuko shamba, na nyuma yake nilisikia sauti ya Shangazi akifukuza kuku.

Jumamosi nilikwenda stendi nikitembea kwa fimbo. Ningeyachemsha. Nilishanunua sufuria. Kondakta aliniona kwa mbali akatikisa kichwa: "Leo hakuna mzigo, dada." Jumamosi iliyofuata pia hakukuwa na mzigo. Baada ya hapo sikwenda tena.

Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa wakati ule, na ndio wakati niliokuwa napona. Nawaambia hili kwa sababu ushuhuda mwingi unaruka hapo. Kupona kunaweza kutokea bila mtu wa kumwambia.

Jioni moja homa haikuja. Nilikaa kwenye kiti cha gari nikiisubiri, jua likazama, taa za majirani zikawaka, haikuja. Kesho yake pia. Nyonga ilichelewa zaidi. Nilijifunza kutembea kwa kulizunguka gari, mkono mmoja juu ya paa, kisha vidole tu, kisha bila kushika. Nguvu ziliporudi nilifunga taa za nyuma. Fundi Side akaleta betri, akageuza ufunguo, injini ikakohoa, ikanguruma. "Maiti imefufuka!" alipiga kelele, na sikujua ananisema mimi au gari.

Mvua za kwanza ziliponyesha niliendesha mwenyewe mpaka kijijini. Shangazi alikuwa amesimama, ameegemea ukuta, anabangua karanga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Hakuinua macho. Kisha akaiona fimbo, akaona na mikono yangu. "Umekonda, Nyemo."

Nilimfungulia mlango wa gari. Alisita, akageuka, akakaa. Nilimwona akijiandaa kwa maumivu, meno yameumana. Kisha uso ukalegea. Aliweka mikono juu ya dashibodi.

"Nani alikupimia kiti hiki?"

"Nilijipima mwenyewe."

Alishuka kwenye gari. Aliingia jikoni, akabandika maziwa motoni, akayasimamia mpaka yakafurika na kuzima kuni. Akanimiminia kikombe. "Umeona mwenyewe yamechemka? Haya. Kunywa."

Namshukuru Mungu, nikiwa bado na maswali mengi ya kumuuliza. Namshukuru daktari aliyekubali kwamba hajui yote, na Fundi Side, aliyekosea dawa lakini hakukosea kuita bajaji. Wewe unayesoma, kama homa yako inakuja jioni na kuondoka asubuhi, mwambie daktari unafuga nini na unakunywa nini, hata asipouliza. Meza dawa mpaka mwisho hata ukijisikia mzima. Chemsha maziwa, ya mama yako pia. Na ukimjua mtu anayeumwa peke yake, kaa uani kwake kidogo, hata kama huna la kusema.

Shangazi aliendelea kukataa kupima. Ni baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, nyonga ilipomshinda kabisa, ndipo Daudi, niliyemwachia gari, alipomweka kwenye kile kiti na kumpeleka hospitali. Jioni Shangazi alinipigia simu mwenyewe.

"Nyemo, kumbe mkojo unakuwa wa machungwa kweli."

Ilikuwa brusela. Daktari alimwambia Daudi kwamba imekaa kwenye nyonga ile kwa miaka mingi. Ilikuwemo alipokuwa akilia akishuka kwenye pikipiki, kabla sijalinunua gari. Nililinunua kwa sababu ya nyonga hiyo, na shukrani yake ilikuwa maziwa.