Siku Nne Kwenye Nyumba ya Pampu

Wiki ile kabla ya Krismasi ya mwaka 2007 niliwasha pampu saa mbili asubuhi kama kawaida. Nilikuwa mwendeshaji wa pampu ya maji ya kijiji chetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Salgaa. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha mkono wa injini ya dizeli mpaka ishike, kusubiri tangi la saruji lijae, kisha kufungulia mifereji ya wakulima. Upande wa chini palikuwa na birika la kunyweshea ng'ombe, limezungushiwa ua wa mabati na lango lenye kufuli. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Zamani lango lile halikufungwa. Wafugaji walikuwa na kijito chao bondeni, sisi tulikuwa na kisima. Lakini mvua ilikuwa imebadilika. Ilikuja ukiwa hujalima, au ikaja yote kwa siku mbili ikabeba udongo, halafu jua likakaa miezi. Kijito kilikauka, na wafugaji wakapanda kwetu. Kisima nacho kilianza kutoa maji ya matope. Kamati ikakaa, na kamati ilikuwa ya wakulima watupu. Ikaamua ng'ombe wanywe mara mbili tu kwa wiki.

Siku hiyo haikuwa siku ya ng'ombe. Mama Kiptoo alikuja hata hivyo, na ng'ombe wake sita na ndama mmoja. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

"Baba Njeri, fungua."

"Siku yenu ni kesho kutwa, Mama Kiptoo. Ni kamati imesema."

"Kamati haina ng'ombe. Hii ndama haitafika kesho kutwa. Maji iko hapo, naona kwa macho."

Sikufungua. Nilijifanya natengeneza mkanda wa injini. Alisimama kitambo, akasema maneno kwa lugha yake, akawageuza ng'ombe. Ndama alikufa kesho yake. Niliambiwa nikiwa dukani, nikanunua sukari na kurudi nyumbani.

Krismasi ikapita, tukapiga kura ya rais. Siku matokeo yalipotangazwa tuliona moshi upande wa magharibi, kwanza mmoja, halafu mingi. Ugomvi wa maji uliokuwa baina ya jirani na jirani ukageuka, kwa siku moja, kuwa wa watu wetu na watu wao. Nilisikia kijana mmoja wa kwetu akisema sasa tutaona nani mwenye kisima. Bila shaka na kwao walikuwa wakisema vivyo hivyo.

Lori lilikuja kuchukua wanawake na watoto kupeleka Nakuru. Wambui, mke wangu, alipanda na Njeri mgongoni, akanipa mkono nipande.

"Nitakuja nyuma," nikasema. "Pampu ikichomwa hatutakuwa na mahali pa kurudi."

"Na sisi tukichomwa?"

Lori likaondoka. Jioni wanaume waliobaki nao wakaondoka kwa miguu, nikabaki peke yangu.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza, milango wazi, nguo bado kwenye kamba. Nilijifungia ndani ya nyumba ya pampu, nikala mahindi makavu, nikajikuta nazungumza na injini. Siku ya pili ng'ombe walioachwa na watu wetu walikuja wenyewe kwenye lango. Walilia. Ng'ombe mwenye kiu halii kama mwenye njaa. Sauti hukatika katikati. Maji yalikuwa chini ya miguu yangu, lakini injini ile ilisikika hadi barabarani. Nikiwasha, nimejitangaza.

Niliziba masikio mpaka saa sita mchana. Kisha nikasikia mtu akigonga bati.

"Baba Njeri. Najua uko ndani."

Ilikuwa sauti ya Mama Kiptoo.

"Uko na nani?" nikauliza.

"Na ng'ombe. Hao vijana wa kwetu wako mbali, wanachoma upande wa juu. Washa sasa, watafikiri ni posho mill inasaga unga."

Niliwasha. Nilitoka na ufunguo, nikafungua lango. Wake na wetu wakanywa pamoja. Mama Kiptoo hakunisalimia wala hakunishukuru. Aliposhiba ng'ombe wa mwisho alisema, "Kesho saa hii tena," akaenda.

Siku ya tatu alikuja na maziwa lala, yaliyoganda, kwenye kibuyu. Akaniambia nimwonyeshe namna ya kuwasha. Nilidhani anataka kujua ili nikishauawa asikose maji, na labda ndivyo ilivyokuwa. Nilimwonyesha. Alijaribu mara nne, mkono wa injini ukamrudi ukamchubua kidole. Mara ya tano ikashika, na hapo ndipo nilipomwona akicheka, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Siku ya nne alifika mbio, bila ng'ombe.

"Wanakuja. Ingia kwa tangi."

Tangi lilikuwa tupu, tumeshayamaliza maji. Niliingia kwa shimo la juu, nikaangukia matope.

Alifunika.

Nikasikia miguu. Watu kumi, labda zaidi.

"Mathe, nani amekuwa akiwasha hii kitu?"

"Ni mimi."

Wakacheka.

"Mwanamke gani anajua injini? Washa tuone."

Nikasikia hatua zake zikielekea kwenye injini.

Mkono wa injini ukazunguka. Haikushika.

Ukazunguka tena.

"Kuna mwanamume amefichwa hapa," mmoja akasema.

Ukazunguka tena, na injini ikanguruma, na maji yakanipiga usoni.

Yalijaa taratibu. Magoti. Kiuno. Niliegemea ukuta nikibana meno. Nje walikuwa wakinywa na kunawa, na mmoja alikuwa akiimba. Maji yalipofika kifuani Mama Kiptoo aliizima injini. Sijui kama alihesabu muda au alichoka tu.

Walikaa, wakaongea, wakaenda.

Alipofunua sikuweza kupanda. Alinivuta kwa shuka lake.

"Nenda Salgaa sasa hivi, jua bado liko. Pitia kwa mahindi. Kesho watarudi na petroli, wamesema mbele yangu."

"Na wewe?"

"Mimi niko kwetu." Halafu akasema, "Uliniacha kwa lango, Baba Njeri. Sijasahau. Enda."

Nikaenda.

Dereva wa trela pale Salgaa alinificha chini ya turubai hadi Nakuru. Niliwapata Wambui na Njeri kwenye uwanja wa maonyesho, ndani ya hema la watu wengi. Wiki chache baadaye mji wenyewe ukawaka, tukasikia risasi tukiwa tumelala kifudifudi.

Pampu ilichomwa kesho yake baada ya mimi kutoroka, kama Mama Kiptoo alivyosema. Nilirudi kijijini mara moja tu, mwaka wa pili ulipokuwa unaisha. Nilimkuta Kiptoo, mwanawe, mtu mzima mwenye watoto. Alisema kisima kilipokufa hakuna aliyefaidi. Kiangazi kilichofuata kilimaliza ng'ombe wa mama yake wote, akahamia kwa dada yake, akafariki huko kwa homa. Habari za tangi mama yake hakuwahi kumsimulia mtu. Mimi ndiye niliyemweleza mwanawe, tukiwa tumesimama juani.

Watu husema vita vile vilikuwa vya kura. Sibishi. Lakini mimi nilifunga lango kabla kura haijapigwa, nikaona nimefanya kazi yangu vizuri. Siku hizi nasikia redioni wataalamu wakieleza kuhusu tabianchi na usalama. Wakati ule tulijua tu kwamba mwenzetu anatumalizia maji.

Wambui hakuniacha kwa ugomvi. Alikwenda kwa wazazi wake Ol Kalou kupumzika, na mapumziko hayajaisha. Mimi nimepanga chumba Nakuru, mchana namwagilia maua ya watu Milimani. Njeri sasa ana kazi yake. Hunipigia simu Jumapili. Mara nyingine huniuliza kwa nini sikupanda lori siku ile. Namwambia nilikuwa nalinda maji. Kisha yeye huniuliza kama nimekula.