Meneja wa Korosho na Mashine Mpya

Meneja wa kiwanda kidogo cha korosho pale Likombe hakai kitini. Hupita meza hadi meza, akiokota punje na kuigeuza kwa kidole gumba kilichobabuka zamani kwa mafuta ya maganda. Hata siku mashine mpya ya akili mnemba ilipotupa nusu ya korosho za Bi Somoe, aliyechagua korosho kwa miaka ishirini, ikidai ni mbovu, meneja aliokota moja, akaigeuza, akaitafuna; ilikuwa nzima. Akina mama wachaguaji wakamtazama. Walishasikia mashine imekuja kuwatoa kazini. Meneja akaizima mashine.

“Niliileta bila kuwauliza ninyi mnaozijua korosho,” alisema. “Kosa ni langu.”

Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya Bi Somoe. “Tufundishe, mama. Anza na mimi, mashine itafuata.”