CD Isiyobakisha Kitu

Miaka ya tisini ikielekea mwisho nilikuwa nafundisha kompyuta Migori, na nilikuwa na wazimu mmoja: nimpate mtu, hata mmoja tu, akubali kuwekewa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ule unaoruhusiwa kuunakili na kuugawa bure. Nilikuwa na CD yake moja. Unaitia, unawasha kompyuta, mfumo unafanya kazi kutoka humo humo kwenye CD, mashine yako haiguswi. Ukizima, ulichoandika chote kimepotea. Ilikuwa ya kuonja. Ukipenda, ndipo unauweka kabisa.

Nilizunguka nayo hadi Homa Bay. Watu walionja, wakashukuru, wakaenda zao. Yawa! Nilikasirika.

Nikabaki na mama mmoja mjane pale Suna, mpiga chapa. Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa inalipia watoto wake karo, na karibu kila programu ya mazishi pale mtaani, kile kijitabu cha ratiba na sifa za marehemu, ilitoka kwake.

"Mwalimu, ukiniharibia hii, watoto utawalisha wewe?"

"Mama, haiguswi. Unaonja tu."

"Aa, kumbe ni come-we-stay, ndoa ya kuonjana! Asubuhi mtu anatoroka."

Tulicheka, ingawa yeye alikuwa Msabato wa kweli. Nikatia CD, nikamwonyesha pa kuandikia. Akaniuliza mara tatu kama kweli hakuna kinachobaki. Nilidhani ni woga, nikamwapia. Basi akanituma nje nikanywe chai.

Nilikunywa vikombe viwili. Niliporudi alikuwa bado anapiga chapa, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Nikachungulia kioo cha kompyuta, Mungu anisamehe. Ilikuwa barua ya Kijaluo kwa marehemu mumewe. Alikuwa anamwambia kwamba alimpenda, na kwamba hajamsamehe kwa kumficha ule ugonjwa uliomuua.

"Umesoma?"

"Kidogo, Mama. Pole sana."

"Haidhuru. Programu ya mazishi yake niliipiga mimi mwenyewe, shemeji zangu wakinitajia maneno. Mcha Mungu, mpenda watu. Langu hata moja halikuingia. Na kwa hii mashine yangu ningeandika wapi, watoto na wateja wote wanafungua?" Akavuta pumzi. "Inapotea kweli?"

"Inapotea."

Akazima kwa mkono wake mwenyewe. Akawasha tena bila CD, na kazi zake zote zikawa pale pale. Akazikagua moja moja, kisha akajipangusa uso kwa leso.

Na mimi, kichwa ngumu, bado nikauliza, "Sasa Mama, tuuweke?"

"Usiweke, mwalimu. Ukiuweka, nao utaanza kukumbuka. Niachie hiyo CD."

Nilikuwa na hiyo moja tu. Nilikuwa nimeingoja miezi, nikaibeba kama yai kila nilikokwenda. Nikaitoa, nikaifuta alama za vidole kwa shati langu, nikampa.