Barua za Hema Nilizozisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka themanini na moja, ni mwalimu mstaafu, na figo zangu zimechoka. Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba Krismasi sitaiona. Sina mume wala mtoto. Naandika mwenyewe, napumzika kila baada ya mistari miwili, kwa hiyo nivumilieni. Mtakaonitukana, nitukaneni mkishafika mwisho.

Zaidi ya miaka thelathini iliyopita nilifundisha Kiswahili katika kituo cha wanawake waliotoka India na Pakistani kuja kuolewa hapa Dar. Kilikuwa vyumba vitatu ghorofani, upande wa Msimbazi, juu ya stoo ya vitambaa. Mabibi harusi wale walifika hawajui hata kuomba maji. Mtihani wao nilikuwa nautoa sokoni Kariakoo: kila mmoja anunue nyanya bila msaada wangu. Wauzaji walitujua. "Mwalimu, umeleta darasa? Leo sipunguzi bei mpaka mmoja aniimbie!" Hema, ambalo si jina lake, alikuwa na miaka ishirini na mbili, na ndiye aliyemjibu: "Kaka, nyanya zako zimezeeka kuliko Mwalimu." Watu walicheka hadi meza ya jirani.

Jengo lilikuwa mali ya mama mkwe wa Hema. Alituachia vyumba vile bure, na mtaa mzima ulimsifu.

Nyumbani, Hema alikuwa anapigwa. Mume alipiga, na mama mkwe alimpakata mtoto wao pembeni asije akaumia. Pasipoti ya Hema ilikaa kwenye kabati la mama mkwe, kama zilivyokaa za karibu wanafunzi wangu wote. Ndivyo walivyopokelewa katika nyumba zile. Siku moja aliichukua kwa siri, akaniletea imefungwa ndani ya khanga pamoja na kadi ya kliniki ya binti yake Rupa, mwenye mwaka mmoja na nusu.

"Mwalimu, nifichie mpaka Jumatatu. Dada yangu yuko Mombasa. Nitaondoka na mtoto."

Niliifungia kwenye kabati la madaftari. Jioni ile ile nikaitoa, nikashuka ngazi hadi stooni, nikamkabidhi mama mkwe wake.

Hakuna aliyenitisha. Niliogopa tu kwamba Hema akitoroka, watasema kituo kinawafundisha wake zao kukimbia, tutafukuzwa, nami nitarudi chumbani kwangu Magomeni kuwa mwanamke asiyesubiriwa na mtu. Nilipenda kuitwa Mwalimu. Mama mkwe alinimiminia chai ya tangawizi akasema, "Wewe ni mtu wetu. Kituo hiki hakiguswi nikiwa hai." Nilikunywa vikombe viwili.

Siku ya tatu watu wa mumewe walimpeleka Hema uwanja wa ndege arudi India bila mtoto, na kibali chake cha kuishi nchini kikafutwa. Gari lilisimama kidogo pale chini ili arudishe vitabu vya kituo. Alinikumbatia, akaninong'oneza, "Kuna mtu aliiona kabatini. Usijilaumu, Mwalimu. Nitunzie Rupa."

Nikasema, "Usijali."

Kisha zikaanza barua. Zilikuja kwa anwani ya kituo, maana hakujua nyingine, na aliandika kwa Kiswahili kwa sababu alijua mwanawe atakulia Kiswahili. "Rupa, mimi nilikuzaa wewe. Mimi sikukuacha." Sikumpa Rupa hata moja. Nilichofanya ni kuchukua kalamu nyekundu na kuzisahihisha. Mkono ulikuwa umezoea. Moja niliiandikia pembeni: Vizuri, umeendelea.

Nilimjibu mara moja tu, tena kwa uongo: "Mtoto anajua umekufa. Mwache akue." Na Rupa alipofika miaka tisa, akapanda ngazi kuniuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani, nilimwambia, "Alikuwa mzuri wa sura. Aliondoka, hakugeuka nyuma." Hakulia. Aliomba maji ya kunywa, akashuka.

Leo Rupa ndiye anayekiendesha kituo kile, maana bibi yake alimwachia jengo. Wanawake wageni bado wanapanda ngazi zile, na yeye huwaambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa mama yake. Anataka kukipa kituo jina langu. Kila Ijumaa huniletea supu, ananilisha kwa kijiko, ananikata kucha.

Barua ya mwisho ilikuja miaka mitatu iliyopita, ufunguo wa sanduku la posta la kituo ukiwa bado kwangu, na ilikuwa na namba ya simu. Mwezi uliopita nilipiga. Haikuita hata mara mbili. Sauti ya mwanamke mtu mzima ilisema kwa Kiswahili, "Rupa? Ni wewe, mwanangu?"

Nikakata. Tangu siku ile alikuwa akipiga kila asubuhi.

Ijumaa iliyopita Hema alipiga wakati Rupa ameketi kitandani kwangu.

"Bibi, namba ya India hii. Imekupigia mara kumi na moja! Una mchumba Bombei hunambii? Nipokee?"

"Matapeli hao, mwanangu."

"Matapeli wa siku hizi hawachoki," akasema. Akabonyeza-bonyeza, akaizuia namba ile isipige tena, akaiweka simu chini ya mto wangu. Kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaendelea na kucha.

Simu iko kimya tangu hapo.

Barua zote ziko chini ya godoro hili. Nikimpa, najua atainuka aende, na sina mtu mwingine wa kunishika mkono siku ikifika. Nikinyamaza, atazikuta mwenyewe akija kunitandulia kitanda, zenye mwandiko wangu mwekundu, na sitakuwepo kumjibu. Nimefikiria kuzichoma pia, sitawadanganya. Kiberiti kiko mezani, ila siwezi kusimama.

Kesho ni Ijumaa. Nishaurini ninyi mnaosoma: nimpe barua akiingia tu mlangoni, au nimwache anilishe kwanza?