Weusi wa Nyavu za Shangazi

Kwa miaka kumi na saba, mwanamke ambaye mgahawa mzima ulimwita Shangazi alichoma samaki na kuku juu ya nyavu mbili za chuma, nyeusi tii, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyelalamika. Ilibidi aje mtaalamu ndipo ijulikane kwamba kulikuwa na tatizo.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mkwe wa mwenye mgahawa, meneja wa wiki mbili, mwenye cheti cha mafunzo ya siku tatu alichokitundika juu ya sinki, mahali ambapo hata anayenawa mikono asingeweza kukikwepa. Jumatatu alisikia kwamba bwana afya angepita Alhamisi. Akaingia jikoni, akazitazama nyavu, akaziba pua, ingawa hazikuwa na harufu yoyote.

"Shangazi, hivi mnawapikia watu kwenye uchafu huu?"

Shangazi alimweleza kwamba ule haukuwa uchafu. Ni mafuta yaliyoungua yakashikana na chuma, ndiyo yanayozuia samaki kunata na kutu kuingia. Kila siku yeye alikwangua mabaki ya chakula na kuuacha ule weusi. Meneja alimsikiliza kwa upole mkubwa, kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani, kisha akazibeba nyavu mwenyewe hadi uani. Akaziloweka kwenye beseni la dawa ya kuondolea madoa, akazipiga msasa mpaka jasho likamlowesha tai. Jioni ziling'aa kama meno ya bandia. Shangazi alizitazama, akaenda kukata vitunguu, ili macho yapate kisingizio.

Kesho yake samaki wa kwanza alipogeuzwa, ngozi yote ilibaki kwenye wavu. Wa pili akaacha na mkia. Wateja waliletewa vitu ambavyo mhudumu, kwa aibu, aliviita samaki. Meneja aligundua chanzo mara moja: samaki wa siku hizi hawana ubora. Asubuhi ya Jumatano nyavu zikaamka na kutu, na hilo lilikuwa gumu kidogo kumsingizia samaki.

Baba mkwe alipopiga simu kuuliza mbona wateja wanaondoka na njaa, meneja alirudi jikoni, safari hii bila tai.

"Shangazi, tufanyeje?"

"Kunja mikono ya shati."

Akamkalisha juu ya kreti. Akampa brashi ya waya akwangue kutu, aoshe kwa maji ya moto, kisha azikaushe nyavu juu ya makaa. Ndipo akamkabidhi kitambaa chenye mafuta ya kupikia: apake kidogo, halafu afute kana kwamba amejuta kupaka. Ziungue mpaka ziache kutoa moshi, zipoe, zipakwe tena. Mara tano. Meneja alipouliza kama mara mbili hazitoshi, Shangazi alimuuliza cheti kinasemaje.

Alhamisi bwana afya alifika, akapitisha karatasi nyeupe juu ya nyavu zilizoanza kurudi kwenye weusi wake. Ikatoka safi. Akasifu, akauliza kazi ile ni ya nani. Meneja alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena.

"Ni ya Shangazi. Mimi ndiye niliyeziharibu."

Shangazi, aliyekuwa na maneno ya wiki nzima tayari mdomoni, akakosa pa kuyapeleka. Mchana alimpakulia meneja paja la kuku, nono kuliko alivyokusudia.