Samaki Walipogeuza Matumbo Juu

Nilikuwa na miaka tisa, miaka ya tisini ikianza, na kwetu Boito samaki hakuwa chakula. Kogo, bibi yangu mzaa baba, alisema samaki ni nyoka wa majini. Alisema pia kwamba mto ukitukanwa, viumbe wake hugeuza matumbo juu, na aliyeutukana huwa hayuko mbali. Hakuna kuteka maji mpaka mtu huyo ajitaje. Sisi watoto tulisikia hayo tukimenya viazi, tukasahau.

Jumamosi moja asubuhi nilishuka mtoni na mtungi nikaona maji yamejaa weupe. Nilidhani ni povu. Nilipokaribia nikaona ni matumbo, mengi mno, yakigongana polepole kwenye mawe. Kaa walikuwa wamekufa, na vyura pia. Mtungi uliniponyoka. Nilipanda mbio ule mteremko wa majani ya chai.

"Maji yako wapi?" Kogo akauliza.

"Samaki wamegeuka, Kogo."

Aliweka chini kibuyu alichokuwa akikisugua, akaenda kusimama njiani. Kila aliyeshuka na mtungi alimrudisha.

Lakini Mama Otieno alikuwa ametutangulia. Huyu alikuwa jirani yetu aliyetoka upande wa ziwa, mchuma chai. Karai lake lilikuwa limejaa samaki, na jikoni kwake mafuta yalikuwa yameanza kuchemka.

"Usiwape watoto," Kogo alimwomba alipomfuata jikoni.

"Kogo, sisi kwetu hii ni chakula. Nyoka ni nyoka, samaki ni samaki."

"Basi mngoje kwanza yule msichana wa chupa."

Msichana wa chupa ni Daktari Nekesa, mtafiti wa samaki. Wavuvi wa ziwani walilalamika kwamba samaki wanapungua, naye alikuwa akiifuata mito inayoingia kule mpaka huku kwetu milimani, kutafuta sababu. Kila mwezi alikuja kupima samaki kwa rula na kuchota maji. Kogo alimwonea huruma, mtu msomi kushinda kwenye matope. Kwa bahati, wiki hiyo alikuwa akilala katika nyumba ya mwalimu. Nikatumwa kumwita.

Alikuja nusu akikimbia. Alifunua mashavu ya samaki mmoja, akanusa maji, akatazama juu mlimani.

"Mama, toa sufuria motoni," alimwambia Mama Otieno. "Hawa usimpe hata paka." Kisha akatugeukia sote. "Huko juu kuna josho la ng'ombe?"

Lilikuwepo, bwawa la kuogeshea ng'ombe dawa, na mtunzaji wake alikuwa baba yangu. Alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Dawa ya kupe ilikuwa imezeeka, nikaambiwa nisafishe josho. Niliifungulia mtoni jana jioni. Nilidhani mto ungeimaliza nguvu."

Nilimtazama Kogo nikitarajia aseme, niliwaambia. Badala yake aliketi kwenye nyasi, akimtazama mwanawe. Mama Otieno alimwaga karai lake shimoni.

Daktari hakumfokea baba. "Mzee, haya maji yanateremkia watu wengi, na wewe unawajua. Tangulia uwaambie wasinywe. Mimi najaza chupa, nitakufuata."

Baba alirudi Jumapili jioni, viatu mkononi, sauti imekauka. Baadaye tulisikia kwamba kila boma aliloingia alianza kwa kusema, "Ni mimi." Hakuna mtu aliyekufa. Ndama wawili wa watu wa huko chini mtoni walikufa, na baba akawapa mtamba wetu bila kuombwa. Majibu ya zile chupa yalipofika yalisema yaleyale, ni dawa ya kupe, na wanaume wakachimba shimo kando ya josho ili dawa isishuke tena mtoni.

Watu huniuliza kama naamini kwamba mto hutukanwa. Najua tu kwamba siku ile bibi yangu na daktari hawakubishana hata kidogo, na kwamba watoto wa Mama Otieno ni watu wazima leo. Kinachonishtua bado ni kingine. Baba hakuwa mtu mbaya, wala mzembe. Ijumaa ile alilisugua lile josho mpaka likang'aa.